Waya Ambao Haukuchomoka

Zaina mama,

Ni saa kumi na moja jioni. Wewe na mama yako mmekwenda soko la Majengo kutafuta ndoo yenye mfuniko, na kwa ninavyowajua hamrudi kabla ya magharibi. Nina saa moja na nusu. Mambo ya blanketi, ya chandarua, ya nani umsalimie na nani umwepuke huko Tabora, mama yako ameshayamaliza. Nimemsikia siku tatu mfululizo na sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja, na naliandika kwa sababu kulisema nimejaribu mara nne, na mara zote nne nimeishia kukuuliza kama umekula.

Ulipotoka kwenye usaili ulinipigia simu ukicheka. Ulisema, "Baba, wewe ndiye umenipa kazi." Walikuuliza ulijifunzia wapi kuipenda kazi ya mitandao, ukawasimulia habari ya Bahi: jinsi baba yako alivyovuka maji ya mbuga na kompyuta kichwani, akafika kituo cha afya kilichokuwa kimekatika mtandao siku mbili, akakiwasha kwa dakika nne. Ukasema yule mama wa kwenye jopo alitikisa kichwa akasema watu kama hao wamebaki wachache. Mimi nikajibu "hongera, mwanangu," nikakata simu, nikatoka nje nikakaa juu ya tofali mpaka mama yako akanifuata kuniuliza kama ni malaria.

Hadithi ile uliisikia kwangu. Umeisikia labda mara ishirini, kwa wageni, kwa wajomba, siku ya mahafali yako. Karibu kila kilichomo ni kweli. Nilivuka maji kweli. Ilikuwa dakika nne kweli, niliangalia saa. Nilichokificha ni nani aliyekikata kituo.

Nianze nyuma kidogo ili usione ninatafuta pa kujifichia.

Unajua nilitoka Kondoa na darasa la saba. Usichojua ni kwamba kazi yangu ya kwanza kwenye kompyuta ilikuwa kupiga deki chini yake. Kulikuwa na chuo kidogo cha kompyuta karibu na soko, chumba kimoja, mashine tisa. Nilifagia, nilipiga deki, nilifuta vumbi kwenye skrini kwa kitambaa kikavu. Wanafunzi walitupa karatasi za mazoezi kwenye pipa, mimi nazikunjua, nazinyoosha chini ya godoro, nazisoma. Ndivyo nilivyojifunza kuandika amri kwenye ile skrini nyeusi. Sikuwa na mashine. Nilizikariri amri kama mtoto wa madrasa anavyokariri asichokielewa, nikisubiri siku nitakayopewa kibodi.

Siku moja mashine ya mwalimu ilizimika katikati ya somo. Mwalimu akasimama akauliza, "Nani kagusa mashine?" Hakunitazama. Hakuwa na haja. Wanafunzi wote tisa waligeuka wakaniangalia mimi na ndoo yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kwa wiki tatu nilikatazwa kuingia ndani, nikawa nafagia uwanja tu. Baadaye fundi alikuja akakuta kifaa cha umeme cha ndani kimeungua chenyewe, kwa uzee. Hakuna aliyekuja uwanjani kuniambia.

Nakuandikia hili ujue kwamba swali lile nililijua. Nililijua uzito wake na nililijua linapoangukia.

Sasa twende Mtumba. Wizara zilipohamia huko, kwenye mji mpya wa serikali, kampuni yetu ilipewa kazi ya kuunganisha vituo vya afya kumi na vinne na makao mapya. Mpangilio mzima wa anwani ulibadilika, kwa hiyo kila kituo mashine yake ilibidi ibadilishiwe anwani yake na anwani ya lango, yaani ile mashine nyingine ambayo mawasiliano yote hupitia kwenda nje. Unajua haya kuliko mimi, una cheti, lakini vumilia, nataka kosa likae mahali pake. Anwani ina mafungu manne ya namba. Fungu la tatu lilikuwa namba ya kituo. Kituo cha kumi na moja, kumi na moja. Kituo cha Bahi, kumi na mbili. Rahisi kiasi hicho.

Nilikuwa na njia yangu ya kuifanya kazi hiyo nikiwa mbali, na hakuna aliyenifundisha. Kabla ya kubadilisha chochote nanakili faili la zamani, kisha naiandikia mashine amri ya kungoja: baada ya dakika kumi, rudisha faili la zamani, ujizime ujiwashe. Halafu ndiyo nabadilisha. Nikifanikiwa kuingia kwa anwani mpya, naifuta ile amri ya kungoja. Nikiwa nimekosea nikajifungia nje, nakaa tu. Nakunywa chai. Dakika kumi zikiisha mashine inajirudia yenyewe kama hakuna kilichotokea. Kuandika mstari huo kwa vidole vyangu hivi ni sekunde ishirini na tano. Kwa vituo vyote kumi na vinne ni dakika sita kasoro sekunde kumi. Nilishapiga hesabu hiyo tangu asubuhi ya siku yenyewe, maana Injinia alishaanza kunikejeli.

Injinia unamkumbuka, aliwahi kuja nyumbani akala mihogo. Alikuwa na digrii na miaka ishirini na saba. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba ya kazi. Asubuhi ile, mbele ya watu sita, alisema, "Mzee, hizi za kuandika amri ungetuachia vijana. Wewe tukupeleke kwenye kupandisha waya darini." Watu wakacheka kwa adabu. Mimi pia nikacheka. Bado nina kinyongo naye, sitakudanganya. Mpaka leo nikimwona kwenye korido nageuza njia. Lakini subiri uone nilivyokitumia kinyongo hicho.

Nilifanya vituo kumi na kimoja kwa njia yangu, kimoja kimoja, bila kukosea hata nukta. Ilipofika saa sita akapita nyuma ya kiti changu.

"Mzee, bado tu?"

"Bado vitatu."

"Ningekuwa mimi ningeshakula na kurudi."

Akaenda. Nikasema moyoni, ngoja nimwonyeshe. Kituo cha kumi na mbili nikaanza bila amri ya kungoja. Kwa vituo vitatu vilivyobaki nilikuwa najiokolea sekunde sabini na tano. Na ili niende haraka zaidi, sikuandika faili upya. Nilinakili la kituo cha kumi na moja, nikabadilisha namba. Nikabadilisha anwani ya mashine ikawa kumi na mbili. Ya lango nikaiacha kumi na moja. Nikatekeleza.

Skrini ilinyamaza, mama. Utakuja kuiona siku moja hali hiyo. Unabonyeza herufi na haitokei. Hakuna onyo, hakuna maandishi mekundu. Unakuwa umeiambia mashine itafute mlango ambao kwake haupo, na haiwezi tena kukusikia ukiiambia umekosea.

Injinia akawa ameshasimama nyuma yangu. "Vipi, Bahi imekufa?"

Nilichukua simu ya mezani nikapiga kituoni. Na hapa ndipo penyewe. Kama ningesema, "Habari za huko, mimi fundi, nimekosea namba, mtakaa bila mtandao mpaka nije," ingeishia hapo. Aibu ya saa moja. Labda nami ningepelekwa darini kupandisha waya. Simu ikapokelewa na mwanamke, nikasikia sauti yangu inauliza:

"Huko kuna nini? Nani kagusa mashine?"

Nilisikia mtoto analia mbali, na maji yanadondoka kwenye ndoo. Kisha akasema polepole:

"Labda ni mimi. Nilikuwa napiga deki. Ndoo ilikwaruza meza."

"Wewe nani?"

"Sechelela. Mhudumu wa usafi."

Injinia alikuwa ameinama kusikiliza. "Mhudumu?" akauliza. Nikasema, "Mhudumu." Akatoa kalamu akaandika. Nilimwona anaandika. Nilikuwa na muda wa kumshika mkono.

Nikamwambia yule mama aizime mashine aiwashe. Alifanya, mara tatu, kila mara akiniuliza kama ameibonyeza vizuri. Haikusaidia kitu, na nilijua haitasaidia, kwa sababu kosa lilikuwa limeshahifadhiwa kwenye faili. Ilibidi mtu aende. Ulikuwa msimu wa mvua, njia ya kituoni iko chini ya maji, na kompyuta tatu za pale hazikuweza kuona kumbukumbu za mgonjwa hata mmoja.

Nilifika siku ya tatu. Kijana wa bodaboda alinishusha kwenye majaruba ya mpunga akasema, "Mzee, mimi bodaboda, si mvuvi. Mwisho hapa." Hiyo sehemu huwa unaipenda. Nikaweka laptopu kwenye mfuko wa plastiki, nikaiweka kichwani, nikavuka, maji yakanifika mbavuni.

Ambayo hujawahi kuisikia ni hii. Nilipofika, mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mwembamba wa miaka kama arobaini, kitenge cha kijani. "Mbukwenyi," akanisalimia kwa Kigogo, kisha akajisahihisha akasema "karibu fundi." Ndoo yake alikuwa ameitoa nje, ameifunika. Chumba cha mashine kilikuwa hakijapigwa deki siku mbili, na kila waya ulioning'inia alikuwa ameuzungushia kitambaa akaufunga fundo, kama mtoto aliyeumia. Hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti na mikono nyuma.

Nikachomeka laptopu. Nikafungua faili. Kumi na moja. Ilikuwa pale inanitazama. Nikafuta tarakimu moja nikaandika nyingine, nikatekeleza, kompyuta tatu zikaamka, nesi akapiga makofi. Dakika nne.

Sechelela akauliza kutoka mlangoni, "Ulikuwa waya, fundi?"

Hapakuwa na Injinia. Hapakuwa na mtu wa kumwonea aibu ndani ya nyumba ile. Nikasema, "Waya."

"Nilijua," akasema. Akaenda kunitengenezea chai, na nilikunywa.

Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Haukuongezwa. Niliona jina halipo kwenye orodha ya watumishi nilipotumwa kuweka nywila mpya. Nililitafuta mara mbili, nikidhani nimeruka mstari.

Ningekuwa nimeishia hapo, labda ningezoea. Watu huzoea. Lakini mwaka uliofuata nilikuwa Majengo kwenye nafaka, nikasikia, "Fundi wangu." Alikuwa Sechelela, anapepeta mchele. Alifurahi kuniona, Zaina, hilo ndilo lililonimaliza; alifurahi. Akaniuliza habari za watoto. Kisha akasema nimsamehe kwa usumbufu wa siku ile, maji yale yote. Akaniambia tangu siku hiyo hashiki kitu cha umeme. Simu yake anachajiwa na jirani. Mjukuu akiikaribia soketi anampiga, na hajawahi kumpiga kwa jambo jingine.

Nikamwambia, "Ni mambo ya zamani hayo."

Akasogeza ungo, akasema kwa sauti ndogo, kama anayezungumza na mchele, "Niliua mtu kwa ndoo ya maji."

Alikuwa anamsema Mzee Yona, mgonjwa wa presha. Alikuja kituoni siku ile ya pili, ametembea kwenye tope tangu alfajiri. Kadi yake ilikuwa imelowana haisomeki, na kompyuta haikufunguka kuonyesha anatumia dawa gani, kiasi gani. Wakamwambia arudi kesho kutwa. Hakurudi. Alizikwa kabla mpunga haujavunwa. Sechelela alikwenda msibani akakaa nyuma, na tangu hapo hajaweza kumtazama mjane wake machoni, Bi Mwendwa, na wanachota maji kisima kimoja.

Ningeweza kusema hapo hapo. Maneno yalikuwa matatu au manne. Nilichosema ni, "Mipango ya Mungu, mama."

Mimi ni mtu wa hesabu. Nimejaribu kuipiga hii. Kama ningeandika ule mstari, mtandao ungekuwa hewani dakika kumi baadaye, mzee angepewa dawa. Je, angeishi? Sijui. Alikuwa na miaka sabini na kitu, njia ilikuwa mbaya, hata kabla ya hapo alikuwa anaruka dozi. Kila nikikaribia jibu namba zinateleza. Ila najua hili: kama kifo kile kina mwenyewe, si Sechelela. Na yeye ndiye amekibeba miaka mitano, kwa sababu mimi nilikiweka kichwani pake kwa swali moja, na nilipopata nafasi ya kukishusha nikakibonyeza kwa neno moja.

Tangu wakati ule nimebadilisha anwani za mashine nyingi. Kila nikifika kwenye mstari wa lango, kabla sijaandika, namsikia: labda ni mimi. Si kwa mfano. Namsikia, na maji yanadondoka. Mtu akipiga deki ofisini nanyanyuka natoka. Wenzangu wanadhani naogopa kuteleza. Na nyumbani, kila ulipoomba hadithi ile, nilikuwa naisimulia vizuri zaidi, naongeza kina cha maji. Mwaka jana yalikuwa yamenifika shingoni.

Ndiyo kazi unayokwenda kuifanya. Utakaa Tabora, utabadilisha mashine iliyo Kaliua au wapi, na kuna siku skrini itakunyamazia. Nimekufundisha mstari wa kungoja tangu una miaka kumi na sita, na najua utauandika. Mikono yako ina utulivu kuliko yangu. Ninachohofia ni ile simu. Utakuwa msichana mgeni, mbele ya wanaume watakaokuita "binti" na kungoja ukosee. Ukiwa umekosea, kutakuwa na mtu upande wa pili, mwenye ufagio au mwenye funguo, ambaye amezoea kulaumiwa kiasi kwamba atakusaidia kumlaumu. Atakupa hilo kosa bure, kwa heshima. Mimi nilikuwa mtu huyo, na bado nilipokea.

Leo asubuhi, nilipokuambia nakwenda kukata tiketi, nilipitia Mtumba kwanza. Nilipeleka barua fupi, ukurasa mmoja, inayosema nani alikosea, namba ipi, na kwamba mhudumu hakugusa kitu. Injinia sikumtaja. Alichoandika aliandika nilichompa. Karani wa masijala aliisoma yote akiwa amesimama, akaniuliza, "Mzee, una uhakika unataka nikugongee muhuri?" Nikamwambia gonga. Sijui watafanya nini na mimi. Nimebakiza miaka mitatu kustaafu na mama yako hajui; mwachie kwanza, nitamwambia mwenyewe nikirudi.

Na wewe, kama utaona aibu kwamba hadithi uliyoipeleka kwenye usaili haikuwa kamili, wewe hukudanganya. Ulisema ulichoambiwa na baba yako. Ukiamua kuwaeleza wakubwa wako, waeleze, usinihurumie. Ukiamua kunyamaza, sitakuuliza. Ila naomba usiisimulie tena vile nilivyokuwa naisimulia mimi.

Nasikia lango, mmerudi, na nasikia mnabishana kuhusu rangi ya ndoo. Nimalize.

Ulishangaa niliposema kesho nakusindikiza ndani ya basi badala ya kukuacha stendi. Nilikata tiketi mbili. Yako ni ya Tabora. Yangu inaishia Bahi. Barua hii nitakupa mkononi mwako basi likipunguza mwendo, na mpaka uifungue nitakuwa nimeshashuka. Simu nitakuwa nimeiacha nyumbani kwenye kabati, kwa sababu nikiwa nayo nitaomba mtu anipigie nipate sababu ya kuondoka.

Usishuke kunifuata. Konda amesema Bahi wanasimama dakika tano tu. Wewe una safari ndefu mpaka Tabora, na mimi nina nyumba mbili za kupiga hodi, ya Sechelela kwanza, halafu ya Bi Mwendwa, na nitakaa kwenye kila moja mpaka mwenye nyumba atakaponiambia niondoke.

Baba yako